Je, Rais anaweza kumpeleka mwanangu vitani bila kura ya Bunge?

"Mwalimu, mimi ni mama wa Mombasa, huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa Minnesota. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 21, yuko jeshi la nchi kavu la Marekani. Wiki iliyopita alinipigia simu akaniambia tu, 'Mama, huenda tukasafiri, usiniulize wapi.' Nilipokuwa nasomea uraia wa hapa tulikaririshwa kwamba Bunge ndilo linalotangaza vita. Sasa kila nikifungua TV naona Rais ameshapiga mahali, wabunge wanasikia kama sisi tunavyosikia, na watangazaji wanaonyesha ramani na ndege tu. Hakuna anayeuliza kama ni halali. Binamu yake amemwambia amri isiyo na idhini ya Bunge ni haramu na ana haki ya kuikataa. Ni kweli? Na hawa waandishi wamenunuliwa, au wanaogopa?"

Mama, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, nikaona maswali matatu yamefungwa kitambaa kimoja: kama Rais ana haki, kama kijana ana haki ya kukataa, na kama waandishi wanatuficha. La pili ndilo lenye moto, basi niligusie kabla ya yote. Mwambie kijana asikatae amri ya kusafiri kwa ushauri wa binamu yake. Binamu ana nia njema, lakini siku ya mahakama ya kijeshi hatasimama yeye. Sababu nitazieleza mbele.

Mwalimu wenu wa uraia hakukosea, ila aliwapa nusu ya habari. Katiba ya Marekani, kifungu cha kwanza, inalipa Bunge mamlaka ya kutangaza vita, kuunda jeshi na kuligharimia, tena inakataza fedha za jeshi la nchi kavu kutengwa kwa zaidi ya miaka miwili kwa mkupuo. Kifungu cha pili kinamfanya Rais kuwa amiri jeshi mkuu, jambo ambalo nalo lipo kwenye mtihani wenu. Kati ya vifungu hivyo viwili hakuna mstari unaosema nani aamue pale ambapo vita havijatangazwa na makombora yameshapaa.

Pengo hilo lina tarehe yake. Agosti 17, 1787, kule Philadelphia ilikokuwa ikiandikwa Katiba, rasimu ilikuwa inasema Bunge lina mamlaka ya "kufanya" vita. James Madison na Elbridge Gerry wakapendekeza neno libadilishwe, lisomeke "kutangaza", ili Rais aweze kuzima shambulio la ghafla bila kusubiri wabunge wafike kwa farasi. Ulikuwa mlango mdogo wa kumpitisha mtu anayekimbilia kuzima moto. Marais wameupanua kidogo kidogo, mmoja baada ya mwingine, wa chama hiki na wa chama kile, mpaka leo lori linapita.

Mara ya mwisho Bunge la Marekani kutangaza vita ilikuwa Juni 1942, dhidi ya Bulgaria, Hungaria na Romania. Korea, Vietnam, Iraki mara mbili, Afghanistan, vyote havikutangazwa. Lakini hapo ndipo watu wengi wanapoteleza: kutotangazwa kwa vita hakumaanishi kwamba havina idhini. Kabla ya kuivamia Iraki mwaka 2003, Bunge lilikuwa limepiga kura Oktoba 2002, 296 kwa 133 kwenye Baraza la Wawakilishi na 77 kwa 23 kwenye Seneti, kumruhusu Rais kutumia nguvu. Kisheria, ruhusa ya namna hiyo inatosha. Korea mwaka 1950 ndiyo iliyokuwa kesi nyingine kabisa. Rais Truman alipeleka majeshi bila tangazo na bila ruhusa, akakubali iitwe kazi ya polisi chini ya Umoja wa Mataifa. Wamarekani zaidi ya 36,000 walikufa kwenye kazi hiyo ya polisi.

Kuna ruhusa moja ambayo inamhusu kijana wako kuliko zote. Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya minara kuanguka New York, Bunge lilimruhusu Rais kutumia nguvu dhidi ya waliopanga, kusaidia au kuwahifadhi waliofanya shambulio lile. Seneti 98 kwa 0, Wawakilishi 420 kwa 1. Yule mmoja ni Barbara Lee wa California, aliyesema wazi kwamba wanasaini hundi isiyo na kiasi, na kwa kura hiyo akatishiwa kuuawa mpaka akawekewa walinzi. Ruhusa ile haikutaja nchi wala tarehe ya mwisho. Baadaye wanasheria wa serikali wakaongeza tafsiri ya "makundi shirika", na mwaka 2016 serikali ya Obama ikaliingiza kundi zima la al-Shabaab humo, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwepo kwa jina hilo. Kwa hiyo mabomu ya Marekani yanapoanguka Somalia, kule karibu na kwenu, karatasi inayotolewa ni ile ile. Hata wanajeshi wa Marekani waliokuwa Manda Bay, Lamu, kambi iliposhambuliwa Januari 5, 2020 na Wamarekani watatu wakafa, walikuwa kwenye vita hivyo hivyo vya karatasi ya 2001. Ilisainiwa kabla mwanao hajazaliwa.

Sasa kile kizuizi ambacho huenda umekisikia, cha siku 60. Baada ya Vietnam Bunge lilitaka kurudishiwa funguo zake. Novemba 7, 1973 likaivunja kura ya turufu ya Nixon na kupitisha Sheria ya Mamlaka ya Vita. Rais akiingiza majeshi kwenye mapambano, alijulishe Bunge ndani ya saa 48. Bunge lisipoidhinisha ndani ya siku 60, ayatoe, na ana siku 30 za ziada endapo usalama wa askari wanaoondoka unazidai. Utawasikia hata wachambuzi wakisema Rais "ana siku 60 zake". Hana. Sheria yenyewe inataja mambo matatu tu yanayompa haki ya kuanza: tangazo la vita, ruhusa ya Bunge, au shambulio dhidi ya Marekani au majeshi yake. Marais tangu Nixon wamekisoma kipengele hicho kama ushauri wa jirani.

Nikuonyeshe kitu kidogo ambacho wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka waone karatasi. Chukua barua ambayo Rais analiandikia Bunge baada ya mashambulizi. Tafuta mahali inapotaja sheria ya 1973. Utatarajia isome "kwa mujibu wa" sheria hiyo. Haisomi hivyo, imeandikwa "kwa kuendana na" sheria hiyo. Ni kama mpangaji anayemwambia mwenye nyumba, nakuarifu kwa adabu tu kwamba nimebomoa ukuta. Saa ya siku 60 inahesabiwa kutoka taarifa iliyotumwa, au iliyopaswa kutumwa, chini ya ibara moja maalum, na kwa zaidi ya nusu karne ni barua moja tu iliyoitaja ibara hiyo: ya Gerald Ford, Mei 1975, juu ya meli Mayaguez iliyotekwa karibu na Kambodia. Barua ilipofika Bungeni operesheni ilikuwa imekwisha. Libya mwaka 2011, siku 60 zilipita mabomu yakiendelea, na wanasheria wa Obama wakaeleza kwamba yale si "mapambano" kwa maana ya sheria, kwa kuwa hakukuwa na askari wa Marekani ardhini wanaorushiana risasi na adui. Nilipoisoma hoja ile nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Sheria ile ilikuwa na jino jingine, na jino hilo, amini usiamini, liling'olewa na kesi ya mtu aliyezaliwa Kenya. Jagdish Chadha, mwenye asili ya Kihindi na pasi ya Uingereza, alikwenda kusoma Ohio miaka ya 1960. Viza yake ikaisha mwaka 1972, idara ya uhamiaji ikataka kumfukuza, kisha jaji wa uhamiaji akamhurumia akaisimamisha amri ya kufukuzwa. Sheria za wakati ule ziliruhusu baraza moja tu la Bunge kuifuta huruma hiyo kwa azimio, bila kumpelekea Rais asaini, na Desemba 1975 Baraza la Wawakilishi likafanya hivyo. Chadha akapigana mahakamani miaka na miaka. Juni 1983 Mahakama ya Juu ikaamua kwa kura 7 kwa 2: Bunge haliwezi kutoa amri yenye nguvu ya sheria kwa njia ya mkato, lazima mabaraza yote mawili yapitishe na Rais apelekewe.

Chadha akabaki Marekani. Lakini hukumu ile ikayakumba mamia ya vipengele kwenye sheria nyingine, na kimojawapo kilikuwa kile cha 1973 kilichoruhusu Bunge kuagiza majeshi yarudi kwa azimio lisilohitaji saini ya Rais. Tangu hapo, Bunge likitaka kumzuia Rais lazima lipitishe azimio analoweza kulipigia turufu yeye mwenyewe, kisha litafute theluthi mbili katika kila baraza. Hebu fikiria: unamwomba mtu saini ya kumfunga mikono. Aprili 2019 Bunge lilipitisha azimio la kuacha kusaidia vita vya Yemen, Trump akalikataa, Seneti ikapata kura 53, hazikutosha. Mwaka 2020, baada ya jenerali Soleimani wa Iran kuuawa, yakatokea hayo hayo. Na Juni 2025, siku chache baada ya ndege za Marekani kupiga vinu vya nyuklia vya Iran, azimio la kumtaka Rais aje Bungeni kwanza liliangushwa Seneti 47 kwa 53. Hapo hata turufu haikuhitajika.

Mahakama je? Iliwahi kusema hapana. Mwaka 1952, vita vya Korea vikiendelea, Truman alitwaa viwanda vya chuma ili mgomo usisimamishe uzalishaji, na Mahakama ya Juu ikamwambia kwa kura 6 kwa 3 avirudishe. Jaji Robert Jackson aliandika humo maelezo ambayo mpaka leo ndiyo ramani ya wanasheria: Rais ana nguvu kubwa kabisa anapotenda kwa ruhusa ya Bunge, ndogo kabisa anapotenda kinyume cha matakwa yake, na katikati kuna eneo la giza-nuru ambapo Bunge limekaa kimya. Shikilia hilo neno "kimya", nitalirudia. Lakini viwanda ni mali iliyo ndani ya nchi. Kwenye kupeleka askari nje, majaji huukwepa mpira. Mwaka 1999, Clinton akiipiga Yugoslavia kwa siku 78, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kuunga mkono mashambulizi ikatoka 213 kwa 213. Baadhi ya wabunge wakaenda mahakamani, wakaambiwa hawana haki ya kushtaki.

Huenda unafikiri, basi Bunge halina kitu. Linacho, na wewe wa Mombasa umekiona kikifanya kazi bila kujua. Utakumbuka ndege za mizigo za Wamarekani zilizokuwa zikiruka uwanja wa Moi kupeleka chakula Somalia tangu Agosti 1992. Kazi ya chakula ikageuka kazi ya kumsaka Aidid, mbabe wa vita wa Mogadishu. Oktoba 3 na 4, 1993, askari 18 wa Marekani wakafa Mogadishu, na picha ya mwili wa mmoja wao ukiburutwa barabarani ikaingia kila nyumba. Wiki chache baadaye Bunge likaandika kwenye sheria ya bajeti ya ulinzi kwamba fedha za operesheni ile mwisho wake Machi 31, 1994. Majeshi yakaondoka. Hakuna aliyebishana kuhusu maana ya "mapambano", kwa sababu mafuta ya ndege hayanunuliwi kwa hoja za kisheria. Walifanya hivyo pia kwa mabomu ya Kambodia, fedha zikakatwa Agosti 15, 1973.

Kwa nini basi hawafanyi mara kwa mara? Kwa sababu kura ya vita inaandikwa kwa jina lako na haifutiki. Hillary Clinton aliipigia kura ya ndiyo ruhusa ya Iraki mwaka 2002, ikamsumbua kampeni nzima ya 2008. Mbunge akinyamaza, vita vikienda vizuri atapiga picha na askari, vikienda vibaya atamlaumu Rais. Oktoba 2017 askari wanne wa Marekani walipouawa Niger, Seneta Lindsey Graham, mtu wa masuala ya ulinzi miaka mingi, alikiri kwenye runinga kwamba hakujua kulikuwa na askari elfu moja kule. Mimi simsemi yeye peke yake. Kutojua kuna raha yake.

Na kimya hicho ndicho kinachotuleta kwa waandishi wako.

Kununuliwa, hapana, sina ushahidi wa hilo na sidhani unahitajika kueleza unachokiona. Fikiria usiku wa mashambulizi. Mwandishi wa masuala ya ulinzi ana dakika chache kabla ya kituo jirani kurusha. Kilichopigwa kinajulikana na watu wa jengo moja, Pentagon, makao makuu ya jeshi; picha zinatoka jengo hilo, idadi inatoka jengo hilo. Akimpigia seneta wa upinzani, seneta naye anasubiri kuona upepo. Basi habari itakayoandikwa ni "maafisa wamesema", pamoja na ramani na ndege. Mwaka 1990 mtaalamu W. Lance Bennett alilieleza jambo hili vizuri: upana wa mjadala kwenye vyombo vikubwa vya habari hufuata upana wa ubishi kati ya wakubwa wenyewe. Wakibishana, utasikia pande mbili. Wakinyamaza, swali la uhalali linakosa mtu wa kulitamka kwenye kamera, na mwandishi akilitamka mwenyewe anaitwa mwenye upande.

Mfano wa kuumiza ni Ghuba ya Tonkin. Usiku wa Agosti 4, 1964, meli mbili za kivita za Marekani, Maddox na Turner Joy, zilikuwa kwenye giza na mawimbi, wasikilizaji wa mitambo ya chini ya maji wakiripoti torpido baada ya torpido. Saa chache baadaye kamanda wa msafara, John Herrick, akatuma ujumbe kwamba taarifa nyingi zina mashaka, huenda ni hali ya hewa na wasikilizaji waliokuwa na pupa, akashauri uchunguzi kamili kabla ya hatua nyingine. Ujumbe huo ulikuwepo Washington mchana ule. Usiku karibu na saa sita Rais Johnson akatokea kwenye runinga kuwaambia wananchi kwamba wameshambuliwa na kwamba jibu linatolewa. Magazeti ya asubuhi yakaandika shambulio kama jambo lililotokea. Agosti 7 Bunge likampa Johnson ruhusa pana, Wawakilishi 416 kwa 0, Seneti 88 kwa 2. Leo wanahistoria wa jeshi lenyewe wanakubali kwamba shambulio la pili halikutokea. Hakuna mwandishi aliyepokea hongo usiku ule. Ujumbe wa Herrick haukuwa mikononi mwao, na kati ya waliokuwa nao hakuna aliyesema.

Iraki ilikuwa vivyo hivyo, ila kulikuwa na watu waliopita njia nyingine, na ni vizuri uwajue. Wakati magazeti makubwa yanaandika silaha za maangamizi kwa kunukuu maafisa wa juu, waandishi Jonathan Landay na Warren Strobel wa Knight Ridder walikuwa wakiwapigia wachambuzi wa ngazi ya kati, wale wanaosoma taarifa mbichi, na wakaandika kwamba ushahidi unayumba. Kampuni yao haikuwa na gazeti Washington, kwa hiyo wakubwa hawakuwasoma wakati wa chai. Mei 26, 2004, New York Times lilichapisha maelezo ya wahariri wake kukiri kwamba habari kadhaa za kabla ya vita hazikuchunguzwa inavyotakiwa. Vita vilikuwa vimeshaanza zaidi ya mwaka mmoja.

Kuogopa, naam, kupo, lakini woga wenyewe ni wa aina ya kueleweka. Mhariri akiambiwa na White House, "ukichapisha hili watu watakufa," hana namna ya kupima. New York Times lilikaa na habari ya kusikilizwa simu za watu bila kibali cha mahakama kwa zaidi ya mwaka, likaitoa Desemba 2005. Mwaka 1961 gazeti hilo hilo lilipunguza uzito wa habari ya uvamizi uliokuwa unaandaliwa dhidi ya Kuba. Uvamizi ukashindwa vibaya, na Kennedy mwenyewe baadaye akamwambia mhariri mmoja kwamba laiti wangechapisha zaidi wangeiokoa serikali na kosa kubwa.

Na hapa nataka uone upande wa pili, kwa sababu wewe ni mama wa askari. Kuna siri ambazo ni halali. Kesi kubwa ya kwanza ya kuzuia serikali kulifunga gazeti kabla halijachapisha ilitoka hapo hapo kwenu Minnesota, mwaka 1931, juu ya gazeti la Minneapolis la mtu mmoja mchongezi aitwaye Jay Near. Mahakama ya Juu ilimpa ushindi Near, lakini ikasema hakuna atakayebisha serikali ikizuia wakati wa vita kuchapishwa tarehe za meli za askari kuondoka, au idadi na mahali walipo. Miaka arobaini baadaye serikali ya Nixon ilipotaka kuzuia nyaraka za siri za historia ya Vietnam, mahakama ikakataa, 6 kwa 3, Juni 30, 1971: aibu ya zamani ya serikali haiko kapu moja na safari ya meli. Kwa hiyo mwanao anapokuambia "usiniulize wapi", yuko kwenye siri ya halali. Rais anapokataa kueleza ni sheria gani inayomruhusu, hiyo ni nyingine. Usikubali yeyote akuchanganyie.

Katikati ya haya njia za kupata habari zinabanwa pia. Oktoba 2025 waandishi wa karibu vyombo vyote vikubwa walirudisha vitambulisho vyao vya Pentagon kuliko kusaini masharti mapya. Na wengi wetu tuliozoea kusikiliza mambo ya Washington kwa Kiswahili kupitia VOA tunajua kilichotokea Machi 2025, wafanyakazi walipopelekwa likizo ya lazima na redio ikabaki muziki. Ukisikiliza habari ya mashambulizi, msikilize nani anatajwa kwa jina na nani ni "afisa" tu, kisha subiri siku tatu. Ya siku ya tatu huwa na watu wa hospitali, majirani na wachambuzi, na mara nyingi haifanani na ya usiku wa kwanza.

Turudi kwa kijana.

Sheria ya kijeshi ya Marekani inaanza na dhana kwamba amri ni halali, na anayeikataa anaikataa kwa hatari yake mwenyewe. Amri ambayo askari analazimika kuikataa ni ile ambayo mtu yeyote mwenye akili timamu anaona ni uhalifu: kuua mfungwa, kulenga raia. Amri ya kupanda ndege haimo humo, hata kama maprofesa wa katiba wanabishana kuhusu vita vyenyewe. Mwaka 2016 kapteni Nathan Smith, afisa wa ujasusi aliyekuwa Kuwait, alimshtaki Obama akidai vita dhidi ya ISIS havina ruhusa ya Bunge na kiapo chake kinamfunga aitetee Katiba. Hakuwa mpinga vita, alitaka hata ISIS wapigwe. Novemba mwaka huo jaji alilitupa shauri, akisema si suala la mahakama kuamua na kapteni hana haki ya kulileta. Angalia alivyofanya lakini: alishtaki huku akiendelea kutii amri. Angekataa kwanza, angeshtakiwa yeye.

Kama dhamiri ndiyo inayomsumbua, kuna njia rasmi ya kuomba kuachiliwa kama mpinga vita kwa imani. Ina masharti magumu. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1971 ni lazima apinge vita vya kila namna, si hivi tu asivyovipenda, na atahojiwa na kasisi au imamu wa jeshi, na daktari wa akili, na afisa mpelelezi. Wakati ombi linasubiri, anaendelea kutii. Ukweli ni kwamba kwa ulichoniandikia sioni kama hili ni lake. Naona mama mwenye hofu na kijana anayekwenda kazini.

Haya sasa ndiyo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyafanya. Kama ameshatamka kwa mkubwa wake kwamba hataenda, au ameitwa kuhojiwa, asiandike wala kusaini kitu. Aende siku hiyo hiyo kwa wakili wa utetezi wa jeshi aliye kambini, ni bure na hafanyi kazi kwa kamanda wake. Kama hajafika huko, aende ofisi nyingine ya kambini, ya msaada wa kisheria, aandike hati ya kukupa wewe au mwingine mamlaka ya kushughulikia benki na gari lake, na wasia pia. Usishtuke kwa neno wasia, kila askari anayesafiri anaambiwa aandike.

Wewe nenda ofisi ya jimboni ya mbunge wako, si ya Washington. Nenda kwa miguu yako. Usiwaulize kama vita ni halali, watakupa karatasi ya sera. Waulize azimio la mwisho la mamlaka ya vita mbunge alilipigia kura gani na tarehe gani, na kama operesheni anayokwenda mwanao inaegemea ruhusa ya 2001 au kitu kingine. Hayo ni maswali yenye majibu, na mfanyakazi aliye mezani anayaandika, na yakifika matano kwa wiki moja mtu wa juu anayaona. Mwanao naye ana haki ya kumwandikia mbunge moja kwa moja. Tangu 1988 sheria inakataza mkubwa yeyote jeshini kumzuia au kumwadhibu kwa hilo. Lakini kwa jambo lolote linalohusu faili lake binafsi, ofisi haitaongea na wewe bila fomu ya ruhusa iliyosainiwa na yeye mwenyewe, hata ukiwa umemzaa.

Na lile kundi la WhatsApp la familia, Mombasa, Minneapolis, Dubai, mule asiandike mtu kijana anaondoka lini. Machi 2025 wakubwa wa ulinzi wa Marekani walimwingiza mhariri wa jarida kwa makosa kwenye kundi lao la Signal walimokuwa wanapanga kuipiga Yemen, kwa hiyo usidhani shangazi wa Likoni ndiye peke yake anayeweza kukosea. Ile fomu ya ruhusa ichukue wiki hii, umpelekee asaini kabla hajapanda ndege. Akishafika huko, barua zinachelewa.